D au R? Trekta la kijivu lenye madigadi ya mbele

Ukikuta trekta dogo la zamani la Ferguson lina madigadi juu ya magurudumu ya mbele, una majibu mawili ya kuchagua. La kwanza, kuna fundi aliyachomelea miaka hiyo kwa sababu dereva alichoka kurushiwa tope usoni. La pili, trekta liliondoka kiwandani kwao Uingereza likiwa nayo tayari, na hapo huongelei trekta la shamba tena. Unaongelea toleo la viwandani, lililotengenezwa kwa ajili ya kuvuta tela barabarani, bandarini, kwenye yadi za reli na viwanja vya ndege. Jibu la kwanza linalipeleka trekta kwenye mzani wa skrepa. Jibu la pili linafanya mtu mwenye akili asimamishe mzani kwanza.

Nasoma uhandisi wa kilimo, mwaka wa tatu, na fildi ya mwaka huu nilipangiwa karakana ya taasisi moja mkoani Dodoma. Jina lake nalihifadhi kwa sababu suala lenyewe halijaisha. Kazi yangu ya wiki ya kwanza ilikuwa kusaidia kuandika orodha ya mali chakavu zinazotakiwa kuuzwa. Kwenye orodha ya zamani kulikuwa na mstari mmoja: trekta bovu, Massey, mwaka haujulikani, liuzwe kwa kilo. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa ameongeza kwa kalamu kwamba madigadi ya mbele yakatwe kwanza ili lipande vizuri kwenye lori, maana "yamechomelewa na mafundi wa hapa hapa."

Sasa hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikalitazame. Kishikio cha digadi lile kilikuwa na mkunjo mmoja laini, sawa kulia na kushoto. Fundi wa kuchomelea akikunja bamba kwa nyundo huwa anaacha alama. Kile kilikunjwa na mashine.

Tuanze na familia yenyewe. Trekta tunalosema ni Ferguson TE20. T ni trekta, E ni Uingereza, na 20 inakaribia nguvu ya farasi ambayo mashine hiyo ilikusudiwa kutoa. Mwenye wazo ni Harry Ferguson, mzaliwa wa County Down, Ireland, mwaka 1884. Mtengenezaji ni kampuni ya magari ya Standard, kwenye kiwanda cha Banner Lane mjini Coventry, ambacho wakati wa vita kilikuwa kikitengeneza injini za ndege. Matrekta yalianza kutoka mwishoni mwa 1946 na yakaisha 1956, zaidi ya laki tano kwa jumla. Yote yalipakwa rangi moja ya kijivu. Ndiyo maana Waingereza wanaliita "kijivu kidogo" mpaka leo, kwa mapenzi, kama sisi tunavyolipa basi jina la utani.

Kilicholifanya liwe maarufu ni haidroliki na ile mikono mitatu ya nyuma inayoshika jembe. Kila trekta jipya unaloona Mbeya au Manyara lina mikono mitatu hiyo. Zamani jembe lilikuwa linaburutwa kama mkokoteni. Likigonga kisiki, trekta dogo linanyanyua pua na kumwangukia dereva. Ferguson alilifunga jembe kwenye trekta lenyewe, kisha akautumia mkono wa juu kama kipimo: udongo ukiwa mgumu mkono unabanwa, haidroliki inahisi, inainua jembe kidogo, na uzito unahamia magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo chombo cha tani moja na kitu kikafanya kazi ya chombo kizito zaidi. Edmund Hillary alifika Ncha ya Kusini Januari 1958 akiwa na Ferguson za aina hii zilizofungwa minyororo. Hilo halituhusu sana, lakini nimelipenda.

Linalotuhusu ni kwamba TE20 si trekta moja. Ni ukoo. Kati ya E na 20 kiwanda kilikuwa kinaweka herufi ya tatu, na herufi hiyo ndiyo inayokuambia mtoto huyu ni wa nani. Lisilo na herufi ni la mwanzo kabisa, lenye injini ya Continental kutoka Marekani, kwa sababu injini ya Standard ilikuwa haijawa tayari. A ni petroli ya Standard. D ni la mafuta mazito ya trekta, nitayaeleza. F ni dizeli, iliyoingia 1951. H ni la mafuta ya taa, kwa ajili ya nchi za nje. B, C, E na J ni membamba, ya kupita kwenye mistari iliyokaribiana. K, L na M ni ya mashamba ya mizabibu, mafupi na yenye magurudumu madogo. Halafu mwishoni kabisa wako wanne ambao watu wengi hawajawahi kuwasikia: P, R, S na T. Hao ndio wa viwandani. P petroli, R mafuta ya trekta, S mafuta ya taa, T dizeli.

Kwa hiyo kazi ni rahisi, si ndiyo? Soma kibati, andika herufi, nenda kanywe chai.

Kibati cha TE20 kiko kwenye dashibodi, chini ya usukani. Cha kwetu kilikuwepo, na hilo peke yake ni bahati, kwa sababu vibati vya shaba na aluminiamu huwa vinaondoka na watu. Lakini kilikuwa kimepakwa rangi mara tatu na kupigwa na kitu kizito katikati. Hapa nawasihi wenzangu mnaoenda fildi: usichukue msasa wala brashi ya waya. Ukisugua unafuta hicho hicho unachokitafuta. Nililainisha rangi kwa kitambaa chenye petroli kidogo, taratibu, siku nzima. Kisha usiku nikazima taa ya karakana, nikaweka tochi ya simu ubavuni mwa kibati badala ya mbele yake, ili kila kishimo kitoe kivuli. Mwisho nikabandika karatasi nyembamba na kuipaka penseli kwa ubapa, kama tulivyokuwa tunanakili sarafu shule ya msingi.

Ikatokea hivi: T, E, kisha herufi iliyopondwa, kisha 20. Namba ya trekta ilianza na 28 na kufuatiwa na tarakimu nne. Kwenye ile herufi iliyopondwa nilikuwa na uhakika wa mambo mawili tu. Kushoto kuna mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, na juu yake kuna kitu kilichopinda kwenda kulia. Chini palikuwa pamesagika.

Namba ndiyo rahisi zaidi. Matoleo yote ya TE20 yalikuwa yanahesabiwa kwenye mfululizo mmoja bila kujali herufi, na namba za laki mbili na themanini elfu na kitu ni za mwaka 1952. Hapo hapo neno "Massey" kwenye orodha ya kamati likawa na tatizo. Ferguson aliungana na kampuni ya Massey-Harris mwaka 1953. Trekta letu lilizaliwa kabla ya ndoa hiyo. Watu wanaliita Massey kwa sababu limepakwa nyekundu, na limepakwa nyekundu kwa sababu watu wanaliita Massey. Rangi ya juu ya trekta la zamani haithibitishi chochote, ila tu kwamba siku hiyo dukani palikuwa na kopo la rangi hiyo.

Herufi sasa. Mstari ulionyooka kushoto unaiondoa A, C, J, S na T. Mpindo wa juu unaiondoa E, F, H, K, L na M. Tunabaki na B, D, P na R. B ni jembamba na lina injini ya Continental, ambayo mwaka 1952 ilikuwa imeshaachwa zamani Coventry, na hata upana wa ekseli yetu ulikuwa wa kawaida. Zikabaki tatu. D ni ya shambani. P na R ni za viwandani.

Kuanzia hapa kibati hakina la kusema tena, inabidi uulize chuma.

Kwanza injini. Ilikuwa na plagi nne na distributa, kwa hiyo si dizeli, na hilo linakubaliana na herufi. Silinda hedi ilishafunguliwa zamani na kuwekwa juu ya pipa, nikapima kipenyo cha silinda: milimita 85. Injini za Standard za mwanzo zilikuwa na milimita 80. Za 85 zilianza 1951. Inakubaliana na mwaka, ila msiufurahie sana ushahidi huu. Injini hizi zina silivu za kuchomoa, na mtu anaweza kununua seti kubwa na kuiingiza kwenye bloku ya zamani. Namba ya injini pia hailingani na namba ya trekta, na haikutakiwa kulingana. Zilikuwa zinahesabiwa kila moja kivyake. Kuna mtu alitaka kuniambia kwamba namba zisipofanana basi injini ni ya wizi. Hapana.

Kilichosaidia ni tangi na manifoldi. Tangi lilikuwa na vyumba viwili, kikubwa na kidogo, kila kimoja na kifuniko chake, na chini kuna njia mbili za mafuta. Juu ya manifoldi kulikuwa na bamba la kuzuia joto lisipotee. Hivyo ndivyo linavyokuwa trekta la mafuta mazito.

Wengi wetu hatujawahi kuyaona mafuta hayo, kwa hiyo niyaeleze. Baada ya vita petroli Uingereza ilikuwa ghali na ya mgao. Wakulima walipewa mafuta ya trekta yaliyofanana na mafuta ya taa, ya bei nafuu, lakini hayawaki yakiwa ya baridi. Ukiwasha, unaanza na petroli kutoka chumba kidogo. Injini ikishapata moto kisawasawa, unafunga petroli na kufungua chumba kikubwa. Kabla ya kuzima unarudi kwenye petroli, ili kabureta ibaki na petroli kwa asubuhi ya kesho. Ukiwa na haraka ukahamia mafuta mazito injini ikiwa bado ya baridi, hayaungui yote. Mengine yanateleza kando ya pistoni na kushuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi kama chai, na beringi zinaanza kulia. Dereva mzuri wa mafuta haya alikuwa mtu mvumilivu.

Kwa hiyo P ya petroli imeondoka. Tumebaki na D au R. Shamba au viwanda. Kwa jicho la kawaida tofauti yake ni mkia mdogo wa herufi ambao umesagika, na kwa kamati ya mauzo hakuna tofauti kabisa.

Nakiri kwamba kwa akili ya kawaida ningependelea D. D ni la kawaida kabisa, na R lina ajabu yake. Mafuta mazito yanataka injini ifanye kazi mfululizo, imebeba mzigo, ikiwa ya moto, kama kulima kutwa nzima. Kazi ya yadi ni kinyume chake: washa, sogea, simama, subiri wapakie, sogea tena. Injini inapoa kila saa. Kama ni mimi ninayenunua trekta la yadi mwaka 1952, ningeagiza petroli au dizeli. Ndiyo maana sikutaka kuandika R mahali popote mpaka chuma chenyewe kiseme.

Tofauti kati ya trekta la shamba na la viwandani ni nini hasa? Watu hutaja taa na madigadi kwa sababu vinaonekana. Lakini fikiria kazi. Shambani dereva anaweka mkono wa mafuta mahali pamoja, na gavana ndani ya injini inashika mizunguko hiyo hiyo hata udongo ukibadilika. Anatembea mwendo wa mtu. Breki zake kubwa ni za kushika gurudumu moja, ili kona ya mwisho wa mstari iwe fupi. Trekta likisimama shambani, limesimama. Udongo wenyewe unalishika.

Mtoe huyo dereva umpeleke barabarani na tela lenye mzigo nyuma. Sasa anahitaji kuongeza na kupunguza mwendo kila dakika, kwa hiyo anataka pedali ya mafuta ya mguu, kama gari. Anahitaji honi, taa, kioo cha kuangalia nyuma. Anahitaji bampa, kwa sababu yadi zina kuta. Anahitaji madigadi mbele na nyuma, kwa sababu kuna watu kando ya barabara wenye mashati meupe. Na zaidi ya vyote anahitaji breki ambazo, zikikatika upande mmoja, upande mwingine bado upo. Breki ya mguu na breki ya mkono zinazojitegemea, kila moja na fito zake na viatu vyake. Hapo ndipo kiwanda kilipotumia hela, na hapo ndipo fundi wa mtaani hawezi kuigiza kwa urahisi. Digadi unaweza kuchomelea asubuhi na mchana likawa tayari. Mfumo wa pili wa breki ndani ya ngoma ya TE20 huutengenezi kwa geji 16 na oksijeni.

Basi tukafungua ngoma. Nasema tukafungua kwa sababu boliti zilikuwa zimeshikana na aliyezifungua si mimi. Kuna mzee mmoja pale karakana, alistaafu zamani lakini bado anakuja kila asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza ninachotafuta, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza:

"Mwanangu, umeleta spana gani?"

Nilikuwa na seti ya milimita. Akacheka. Nati za Ferguson ni za inchi, na moja ya vipimo vyake vikuu ni inchi kumi na moja juu ya kumi na sita, yaani milimita 17 na nusu hivi. Spana ya 17 haiingii, ya 18 inacheza na kula kona za nati. Akaenda nyumbani kwake akarudi na spana moja ndefu ya Ferguson yenyewe, ambayo ubavuni ina alama za inchi za kupimia jembe. Matrekta haya yalikusudiwa karibu nati zote zifunguke kwa spana moja. Na hilo nalo ni ushahidi: boliti za vishikio vya madigadi ya mbele zilikubali spana hiyo hiyo, bila kucheza. Fundi wa miaka ya themanini angeweka boliti alizonazo, na angekuwa na za milimita.

Ndani ya ngoma, chini ya vumbi jeusi, kulikuwa na viatu vya breki vya pedali, na pembeni yake vingine vinavyovutwa na mkono wa breki, vikiwa na fito zake zenyewe. Mkono wenyewe ulikuwa umekatika zamani na kubaki kipande cha urefu wa kidole karibu na kiti, ndiyo maana hakuna aliyeuona. Mzee hakushangaa.

"Hii haikuwa ya kulima," akasema. "Mimi nimeikuta inavuta tela kutoka stesheni. Ilikuwa na honi, watoto walikuwa wanaikimbilia."

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kamati. Akaniambia hakuna aliyemuuliza, na yeye si mjumbe.

Maneno ya mzee ni ushahidi mzuri, lakini niliogopa kamati ingesema ni hadithi za wazee. Kwa hiyo tukamalizia na rangi. Nilichagua sehemu tatu zilizofichika: nyuma ya kibati, chini ya sahani ya betri, na upande wa ndani wa kishikio cha digadi la mbele. Kwa wembe nikakwangua mshazari, ili tabaka zionekane kama pete za mti. Nyuma ya kibati na chini ya betri: chuma, kijivu, njano, nyekundu. Kwenye kishikio cha digadi: chuma, kijivu, njano, nyekundu. Mpangilio ule ule. Kama madigadi yangeongezwa baadaye, rangi yake ya chini kabisa ingekuwa njano au nyekundu, si kijivu cha Coventry. Na kwenye dashibodi kuna tundu la mviringo, limetobolewa kwa mashine, rangi ya kijivu imeingia mpaka ndani ya ukingo. Kando yake kuna tundu jingine lililokatwa kwa gesi, lenye matone ya chuma yaliyoganda. La kwanza ni la kiwandani. La pili ni la mtu aliyetaka kufunga redio, nadhani.

Ukiunganisha kibati, mwaka, tangi, breki, boliti na rangi, unapata jibu moja tu: TER-20, trekta la viwandani la mafuta mazito, la mwaka 1952. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingetosha. Kibati kinaweza kuhamishwa kutoka trekta jingine, tangi linaweza kubadilishwa, mzee anaweza kuchanganya trekta hili na lile. Ila vyote sita kudanganya kwa pamoja na kwa mpangilio mmoja, hapana, ingehitaji mtu mwenye muda mwingi sana na sababu ambayo siioni.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo lazima niliguse, kwa sababu ukiwa Dodoma huwezi kulikwepa. Kila trekta la zamani mkoani humo utaambiwa ni la mradi wa karanga. Kongwa iko pale, na kweli serikali ya Uingereza ilianzisha mradi ule 1947, ikaleta mitambo ya kila namna, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta ya kung'oa miti. Mwanzoni mwa 1951 serikali hiyo hiyo ikatangaza kuuacha mpango mkubwa. Trekta la 1952 haliwezi kuwa miongoni mwa yaliyofyeka Kongwa kwenye ile kampeni. Linaweza kuwa lilikuja kwa shughuli ndogo zilizobaki, au kwa reli, au kwa mtu binafsi; kibati hakisemi lilinunuliwa na nani. Kwenye ripoti nilikataa kuandika karanga, ingawa mhasibu mmoja aliniambia nikiandika karanga bei itapanda.

Na kuhusu bei, niwe mkweli, watu wengi waliponiuliza swali la kwanza lilikuwa hilo: linauzwa shilingi ngapi? Si swali baya. Lakini kwangu kulikuwa na swali la karibu zaidi. Kabla sijafika, kuna mnunuzi aliyekuwa ameshakuja kuliangalia, akitaka kulifufua ili livute tela la matofali kwenye barabara ya mteremko. Angeagiza viatu vya breki vya TE20 ya kawaida, maana kila mtu angemwambia ni Ferguson ya kawaida. Angeondoa ile mitambo "ya ziada" ndani ya ngoma ili vipya vikae. Angebaki na tela la matofali nyuma yake na mfumo mmoja wa breki kwenye chombo kilichoundwa kiwe na miwili. Kujua herufi moja kwenye kibati hapo si mambo ya makumbusho tena.

Niliandika ripoti ya kurasa mbili, nikaweka picha za tabaka za rangi, nakala ya penseli ya kibati, na mchoro wa breki. Msimamizi wangu wa fildi aliisaini. Kamati ilikutana mara moja na kubadilisha mstari kwenye orodha. Sasa unasomeka: Ferguson TER-20, 1952, toleo la viwandani, lisikatwe. Ule mstari wa kalamu kuhusu madigadi umefutwa kwa mstari mwingine wa kalamu. Kama litapigwa mnada likiwa zima, au litabaki taasisini, bado hawajaamua, na mimi fildi yangu imeisha.

Wiki iliyopita mzee alinipigia simu. Amepata mtu Tanga mwenye kipande cha mkono wa breki, hana uhakika kama ni chenyewe. Nimemwambia asilipe kwanza, apime fito kwa ile spana yake yenye alama za inchi, na anitumie picha ya tundu la pini likiwa na mwanga wa pembeni.